Mwakani Zamu Yako

Wavu wetu wa kwanza ulinuka samaki. Mwalimu aliununua kwa mvuvi wa Ziwa Basotu, ukiwa umechakaa na matundu yamekatika hapa na pale, akaubeba kwenye baiskeli mpaka shuleni kwetu Hirbadaw. Tuliufua mara mbili kwa maji ya ng'ombe, yale yanayobaki kwenye birika baada ya mifugo kunywa, na bado ulinuka. Tuliufunga kwenye miti miwili ya mgunga. Mistari ya uwanja tulichora kwa majivu kutoka majumbani, kila mtoto kopo moja. Upepo wa mchana ukija majivu yaliondoka, na jioni tulianza upya.

Hiyo ilikuwa Januari 2000. Nilikuwa darasa la sita, na mdogo wangu darasa la nne. Ninaandika habari hii kwa sababu ya yeye. Nimejaribu mara kadhaa kuiandika kama historia ya mchezo tu, na kila mara imegoma.

Anayesikia jina la Mbulu au Hanang' kwenye michezo anafikiria mbio. Ana haki. John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho, goti limefungwa bendeji na giza limeshaingia, ni mtu wa Mbulu. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, alizaliwa Karatu, iliyokuwa sehemu ya Mbulu wakati huo. Gidamis Shahanga, mzaliwa wa ukanda huu huu, alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 kule Edmonton, kisha mita 10,000 kule Brisbane mwaka 1982. Sisi tulikulia ndani ya majina hayo. Mtoto akitumwa dukani akachelewa, aliambiwa: "Kwani wewe si wa huku?"

Mbio hazihitaji kitu. Njia ipo, miguu ipo, na ng'ombe aliyepotea anakufundisha kukimbia kuliko kocha yeyote. Mpira wa wavu unahitaji wavu, mpira, uwanja uliosawazishwa na watu 12 wenye muda kwa wakati mmoja. Kwetu, cha mwisho hicho ndicho kilikuwa adimu zaidi.

Mchezo wenyewe haukutungwa kwa ajili ya watoto. William Morgan, mwalimu wa mazoezi wa YMCA katika mji wa Holyoke, Massachusetts, aliubuni mwaka 1895. Miaka minne kabla yake, James Naismith alikuwa amebuni mpira wa kikapu kule Springfield, si mbali na hapo. Kikapu kiliwapendeza vijana, lakini wafanyabiashara wa makamo waliokuja kwa Morgan kunyoosha viungo jioni walikiona kina vurugu mno. Morgan akauinua wavu wa tenisi juu kidogo ya kichwa cha mtu, akaweka watu pande mbili wasigusane, akawaambia wausukume mpira kwa mikono bila kuuacha uanguke. Mwanzoni aliuita Mintonette. Mwaka uliofuata ukapewa jina linalotumika duniani hadi leo. Mwaka 1947 likaundwa shirikisho la kimataifa, FIVB, mjini Paris, na mwaka 1964 mchezo ukaingia Olimpiki kule Tokyo.

Kwa hiyo mchezo uliotungiwa wazee waliochoka kukaa ofisini ulitufikia sisi, watoto wa wafugaji ambao hatukuwahi kukaa. Ulikuja kupitia kwa mwalimu. Alikuwa ameucheza chuoni, akapangiwa kazi kwetu, akakuta shule ina mpira mmoja wa miguu uliopasuka na wasichana wasio na mchezo wowote zaidi ya rede. Hakuuliza mtu. Alikwenda Basotu na baiskeli yake.

Jioni tatu kwa juma tulibaki baada ya masomo. Alitufundisha kwanza kupokea: magoti yamekunjwa, mikono miwili imeshikana, mpira unatua juu kidogo ya kifundo cha mkono. Juma la kwanza mikono yetu iliwaka na kuwa myekundu, na mama aliuliza kama tumepigwa. Kisha alitufundisha kupandisha mpira kwa ncha za vidole, ili mwenzako aukute hewani aupige. Mpira wa mazoezi ulikuwa mmoja. Uliposhonwa na fundi viatu mara ya tatu ukawa na uvimbe upande mmoja, tukajifunza kukisia utaangukia wapi.

Mdogo wangu alikuja uwanjani kwa sababu hakuwa na mtu wa kurudi naye nyumbani. Alikaa chini ya mgunga akilinda madaftari yetu. Siku moja mpira ulimfuata, na badala ya kuukamata aliupokea kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa, kama alivyokuwa akituona tukifanya. Mpira ulipanda, ukarudi kwa Mwalimu mkononi. Mwalimu akamrushia tena. Ukarudi mkononi. Akamrushia pembeni. Mdogo wangu akateleza kwenye majivu, ukarudi mkononi.

"Wewe una miaka mingapi?" Mwalimu aliuliza.

"Kumi."

Kuanzia siku hiyo madaftari yalijilinda yenyewe.

Nitasema ukweli wangu mapema: alikuwa bora kuliko mimi. Mimi nilikuwa mrefu, na urefu kwenye mchezo huu hudanganya watazamaji. Nilipiga smashi zenye kishindo, nusu yake zikatoka nje. Yeye alijua mpira unakwenda wapi kabla haujaondoka mkononi mwa mtu. Hilo halifundishwi. Mwalimu alilijua, mimi nililijua, na nadhani hata yeye alianza kulijua.

Mwezi Aprili ilikuja barua ya UMITASHUMTA, yaani Umoja wa Michezo na Taaluma Shule za Msingi Tanzania. Kwa asiyejua, hii ni ngazi inayopandwa kila mwaka. Shule zinakutana kwenye kata, kata zinakutana wilayani, wilaya zinakutana mkoani, na mikoa inakutana kitaifa. Sekondari wana ngazi yao, UMISSETA. Kwa mtoto wa mjini haya ni mashindano. Kwetu ilikuwa ndiyo njia pekee ambayo mtoto wa darasa la sita angeweza kuondoka Hirbadaw bila kuolewa, kuugua au kufiwa.

Timu ya kata ilihitaji mazoezi ya kila siku kwa wiki tatu, kisha kambi Katesh. Mwalimu alikuja nyumbani jioni kuomba ruhusa. Alitutaja wote wawili.

Hapa lazima nieleze ng'ombe, maana bila ng'ombe uamuzi wa baba utaonekana wa ukatili tu, na haukuwa hivyo. Baba alikuwa Mbarabaig, mama Mwiraqw. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, katika tambarare za Hanang', serikali ilianzisha mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada. Shirika la taifa la kilimo na chakula, NAFCO, liliyaendesha: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda na mengine, jumla ya ekari zipatazo 100,000. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig, yale mazuri ya bondeni, na ndani yake mlikuwa na makaburi ya wazee wao. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani katika miaka ya 1980. Walishinda Mahakama Kuu mwaka 1984, kisha wakashindwa kwenye rufaa.

Sisi watoto hatukuzijua kesi. Tulichokijua ni kwamba ngano iko karibu na majani yako mbali. Babu alizoea kuchunga mahali ambapo moshi wa nyumbani unaonekana. Kaka zangu walichunga siku kadhaa mbali na nyumbani, wakati mwingine majuma. Hivyo kazi za pale nyumbani, yaani ndama, maji na mbuzi, ziliwaangukia wasichana. Nyumba yetu ilikuwa na wasichana wawili. Hesabu hiyo ndiyo baba aliyokuwa akiipiga wakati Mwalimu anakunywa chai.

"Mmoja," baba alisema. "Ng'ombe hawajui mpira."

Mwalimu hakusema yupi. Alituangalia, mmoja baada ya mwingine. Nimefikiria sana ule mtazamo. Nadhani alitaka tuamue wenyewe, au alitaka baba aulize, "Yupi anaujua zaidi?" Baba hakuuliza. Mdogo wangu alikuwa amekaa karibu na mlango akichambua maharage, na mikono yake ilikuwa imesimama.

Nikasema: "Mimi ndiye mkubwa. Mimi niko darasa la sita, mwakani ni mtihani. Yeye ana muda." Kisha nikamgeukia. "Mwakani zamu yako."

Hakuna aliyemwuliza yeye. Alitikisa kichwa kukubali, akaendelea na maharage.

Tulishinda kwenye kata. Katesh tulicheza chini ya Mlima Hanang', na mawingu yalitushukia mpaka refa alikuwa akiangalia mpira kwa kukisia. Nikachaguliwa timu ya wilaya. Mkoa wa Manyara haukuwepo bado, kwani ulizaliwa mwaka 2002. Wakati ule Hanang' ilikuwa Arusha, na ngazi ya mkoa ilimaanisha Arusha mjini. Barabara ya Katesh haikuwa na lami. Tuliondoka alfajiri juu ya lori, tumevaa masweta na kanga juu ya sare, tukafika usiku tukiwa na rangi moja ya vumbi, wanafunzi na walimu hatutofautiani.

Nilikuwa sijawahi kuona taa nyingi kiasi kile. Nilikuwa sijawahi kulala ghorofani. Nilikula mkate wenye siagi kila asubuhi kwa siku sita. Tuliandamana kuingia uwanja wa Sheikh Amri Abeid nyuma ya kibao cha wilaya yetu, na mtangazaji akaitamka "Hanang'" vizuri, na nikalia. Msichana wa Monduli aliyekuwa mbele yangu aliniuliza kama nimeumia.

Kisha tukacheza, na hapo historia ya mchezo ikatukuta bila taarifa.

Kwa sheria za zamani, pointi aliipata upande ulioanzisha mpira tu. Ukianzisha ukautoa nje, unapoteza zamu ya kuanzisha, basi. Mwenzako lazima aanzishe na ashinde ndipo apate pointi. Seti ilikuwa pointi 15, na iliweza kuchukua muda mrefu pande zote zikinyang'anyana zamu bila namba kubadilika. Mwaka 1998 FIVB walipitisha utaratibu mpya: kila mpira unaoanguka una pointi, nani alianzisha si hoja, na seti inakwenda mpaka 25. Televisheni ilikuwa na mkono wake hapo, kwani mechi zisizojulikana zitaisha lini hazikupangika kwenye vipindi. Mwaka uleule wakamwingiza mchezaji wa nyuma anayevaa jezi ya rangi tofauti, ambaye kazi yake ni kupokea na kuokoa mipira, haruhusiwi kupiga smashi. Anaitwa libero.

Habari hizo zilikuwa zimefika Arusha. Hirbadaw hazikuwa zimefika. Mwalimu alitufundisha alichofundishwa chuoni: anzisha kwa nguvu zako zote, ukikosa si kitu. Mwamuzi alipoeleza utaratibu kabla ya mechi ya kwanza, tulitazamana. Tukaanzisha kwa nguvu zetu zote. Mpira wa kwanza ulitoka nje, na wapinzani wakapata pointi kabla hawajatoka jasho. Seti ya kwanza iliisha 25–8, ya pili 25–11.

Usiku ule Mwalimu alikaa nasi kwenye ngazi za bweni. Hakutugombeza. Alisema, "Nyumbani mmezoea kosa lisilo na bei. Hapa kila kosa lina bei. Kesho anzisheni taratibu." Siku ya tatu tulishinda seti moja. Moja tu, kwa 25–23, na mechi tukapoteza. Nakumbuka mpira wa mwisho wa seti ile: ulipokelewa vibaya upande wa pili, ukarudi kwetu bila kupangwa, ukaja kwenye pembe ya nyuma ambako hatukuwa na mtu. Msichana wa Bassodesh aliruka akauokoa kwa mkono mmoja. Nilipofurahi naye nilijua kabisa, hapohapo, kwamba hiyo ndiyo pembe ambayo mdogo wangu angesimama. Ile jezi ya rangi tofauti ilibuniwa kwa ajili ya mtu kama yeye.

Nilirudi nyumbani na kipande cha mkate wenye siagi nilichokifunga kwenye karatasi. Kilikuwa kimekauka kama ubao. Alikila chote, akaniomba nimweleze jezi ile mara nne.

Septemba ya mwaka huo wanawake wa Kenya walicheza Olimpiki ya Sydney. Walirudi bila medali, lakini walikwenda, na miaka minne baadaye wakaenda tena Athens. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa maana yake. Kenya ilitwaa ubingwa wa Afrika wa wanawake kwa mara ya kwanza mwaka 1991, na hakuna nchi iliyoutwaa mara nyingi kuliko wao. Wachezaji wao wengi waliokotwa kwenye shule: Mukumu na Malava kule Kakamega, Kwanthanze kule Machakos. Msichana anayeng'aa shuleni anasubiriwa na timu za kazini, Magereza, Pipeline, benki ya KCB, anapata mshahara na mahali pa kulala. Kati ya uwanja wa vumbi na Sydney palikuwa na ngazi, na hakuna ngazi iliyong'olewa katikati.

Yetu iling'olewa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya shule yalisimamishwa nchi nzima, ya msingi na ya sekondari. Hoja ilikuwa kwamba michezo inakula muda wa masomo. Sitaki kuidharau hoja hiyo. Nchi ilikuwa inaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule tuliouita MMEM. Ada ya shule za msingi ilifutwa, na watoto waliokuwa wakibaki nyumbani walimiminika madarasani. Shuleni kwetu darasa la kwanza lilisomea chini ya ileile migunga ya uwanja wetu, kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi. Kuna mtu mahali fulani alikuwa akihesabu vitabu, madawati na saa za kusoma, na katika hesabu yake siku sita za mkate na siagi zilikuwa hasara. Baba naye alipiga hesabu ya namna hiyohiyo kuhusu ndama. Nimejifunza kutowachukia watu wa hesabu. Lakini nimejifunza pia kuuliza nani hakuhesabiwa.

Mwakani ilipofika, barua haikuja. Mdogo wangu alifanya mazoezi hata hivyo. Mwalimu alisema huenda ni ucheleweshaji wa barabara. Mwaka uliofuata alisema tusubiri. Kisha akahamishwa, na wavu ukaoza. Mama aliuchukua uliobaki akafunikia vifaranga.

Mdogo wangu alimaliza darasa la saba mwaka 2003. Wakati huo sekondari za kata zilikuwa hazijaenea, na nafasi zilikuwa chache kuliko watoto. Mimi nilikuwa nimepata moja. Yeye hakupata. Mashindano yalirudishwa katika utawala wa awamu ya nne, na niliposikia kwenye redio nilikuwa chuoni. Nilihesabu kwa vidole. Yeye alikuwa ameshapita umri, akiuza nafaka mnadani Katesh. Katika miaka yote saba ya shule alikuwa na jioni za majivu na mpira wenye uvimbe, lakini msimu hakuwahi kuwa nao hata mmoja.

Hakuwahi kunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Binti yake alizaliwa mwaka 2012. Ananiita mama mkubwa, na ana miguu ya mama yake. Mara ya kwanza nilipomrushia mpira kwenye ua wao, alikunja magoti bila kuambiwa. Nilimtazama mdogo wangu, naye akageukia sufuria.

Msimu wa mtoto huyu ulikuwa wa 2024, darasa la sita, kama mimi. Ulikuja baada ya kipindi kizito. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ilishusha tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang' mpaka Katesh na vijiji vya chini yake. Zaidi ya watu 80 walikufa, na shule kadhaa ziligeuzwa makambi ya waliopoteza nyumba. Mdogo wangu alipoteza meza yake ya biashara na magunia yote. Alikuwa anaanza upya, na mumewe alikuwa na ndama.

Mwezi Aprili mwalimu wa michezo, kijana wa siku hizi mwenye filimbi na simu, alikuja kuomba ruhusa. Mimi nilikuwa nimekwenda kuwasalimia, hivyo nilikuwepo. Shemeji alisikiliza, akasema maneno ambayo ningeweza kuyamalizia mwenyewe: kazi ni nyingi, mtoto bado mdogo, anaweza kusubiri. "Mwakani," alisema.

Mdogo wangu aliweka chini kikombe.

"Mimi niliambiwa hivyo mwaka 2000," alisema. "Ndama nitawachunga mimi."

Hakupandisha sauti. Hakunitazama hata kidogo, na nadhani alifanya hivyo kwa heshima. Shemeji hakujua neno hilo limetoka wapi. Alicheka kidogo, akasema basi sawa.

Kwa wiki tatu mdogo wangu aliamka saa tisa usiku, akafanya kazi zake na za bintiye, akaenda mnadani. Mtoto alicheza kata, akacheza wilaya, akapanda basi kwenda Babati, kwa lami tupu, saa chache tu. Alivaa jezi ya rangi tofauti na wenzake. Nilikwenda kumtazama. Nilipotafuta mahali pa kukaa nilimkuta mama yake amesimama nyuma ya mstari wa mwisho, kwenye pembe, na mkoba wa mnadani begani. Hakuniambia kama angekuja.

Mechi ile mtoto aliokoa mipira mingi ambayo sikuamini inaokoleka. Alikosa pia. Kila alipokosa namba ilipanda upande wa pili, na kila ilipopanda mdogo wangu alikunja magoti pale aliposimama, bila kujijua, mikono miwili imeshikana mbele yake. Mwanamke wa miaka 34, amevaa viatu vya plastiki, anasubiri mpira ambao si wake. Sikuweza kuendelea kuangalia uwanja.

Timu ya mkoa ilipotangazwa kwenda Tabora kwenye mashindano ya kitaifa, jina lake halikuwemo. Waliochaguliwa kwenye nafasi yake walikuwa warefu. Ndani ya basi la kurudi alikaa katikati yetu, kimya, akivuta uzi wa soksi. Karibu na Katesh, mlima ulipotokea na kovu lake la tope, aliniuliza:

"Mama mkubwa, mwakani nitakuwa darasa la saba. Wataniruhusu?"

Nilifungua mdomo. Neno lilikuwepo, limezoea njia. Nilikuwa na hoja nzuri za kulisindikiza: umri, urefu utakaoongezeka, mwalimu mzuri, barabara ya lami. Sikuweza kulitoa. Mwaka 2020 msimu mzima ulipita bila mashindano kwa sababu ya korona, na watoto waliokuwa na zamu yao mwaka ule hawakurudishiwa. Mlima nao hakuna aliyeutilia shaka mpaka asubuhi ile ya Desemba. Nani mimi wa kumwahidi mtoto mwaka?

Mama yake ndiye aliyejibu.

"Habari za mwakani hatuzijui," alisema. "Kesho jioni kuna mazoezi?"

"Wavu umekatika," mtoto alisema.

"Basi tutaanza na wavu."

Siku iliyofuata niliahirisha safari yangu. Tulikaa watatu chini ya mgunga, ule wa zamani, mmoja tu kati ya miwili umebaki, wa pili ni nguzo ya chuma. Wavu wa sasa ni wa dukani, haunuki kitu. Mdogo wangu alitufundisha fundo la wavuvi wa Basotu. Mwalimu alikuwa amemwonyesha mwaka 2001, alisema, katika jioni zile za kusubiri barua. Sikujua. Mimi nilikuwa ndani nasoma kwa ajili ya mtihani.

Saa kumi na moja wavu ulikuwa juu. Mtoto akachukua mpira akaja upande wangu, lakini nilimwelekeza kwa mama yake. Nikaokota kopo la majivu, nikaenda kuchora mistari.